Mlinganyo wa Tatu

Mwalimu wa hesabu wa darasa letu la watu wazima hushika chaki kwa ncha za vidole, kama kitu kinachoweza kumuunguza. Kabla ya kutafuta jibu, hufunika herufi moja kwa kiganja na kusema, "Huyu tumtoe kwanza, tubaki na wachache." Ndiyo maana kiganja chake cha kushoto huwa cheupe mpaka kengele ilie. Akipata majibu, huyarudisha katika kila mlinganyo ayahakikishe, hata kama sote tumeshafunga madaftari.

Jumamosi iliyopita alituandikia milinganyo mitatu yenye herufi tatu. Mama mshonaji wa dawati la mbele, ambaye mtihani wake ni wiki ijayo, alihangaika nayo hadi akapata sifuri sawa na sifuri. Huku nyuma wakacheka. "Shangazi, umeshona bila uzi!" Mama akafunga mkoba, akautia begani. "Mwalimu, hesabu si zangu. Sirudi tena." Mwalimu aligeukia ubao. Alifunika mlinganyo wa tatu kwa kiganja, akajumlisha miwili ya juu, kisha akaondoa mkono. Jumla yake ilikuwa ni ule ule wa tatu. "Mama hajakosea," alisema, akitugeukia sote. "Huyu wa tatu ni mtoto wa hawa wawili, hana jipya la kutuambia. Nimekosea mimi kumleta." Akaufuta kwa kiganja, akamkabidhi mama chaki. "Tuandikie mwingine, asiye ndugu yao." Mama alisimama mbele ya ubao, mkoba begani. Alipofika kwenye alama ya usawa, alikuwa ameshautua sakafuni.