Posa Niliyoikataa

Acha nijicheke kwanza, nanyi mtanicheka baadaye.

Mimi na mdogo wangu Kendi tunashona nguo Makutano. Natumia cherehani ya mkono, maana mguu wangu wa kulia ulipooza nikiwa mtoto. Kijana mmoja, Mutwiri, alikuwa akija karibu kila siku, eti suruali imefumuka. Siku moja akaniuliza mimi, si Kendi, baba yetu hupatikana nyumbani lini. Nikajua nimependwa.

Shida ni kwamba tangu nizaliwe sijawahi kumtamani mtu yeyote kimwili. Kupenda napenda, ila hamu hiyo sina. Basi nikawa nashona huku naelea kama ukungu wa mlimani, natunga hotuba ya kumkataa bila kumvunja moyo.

Jumamosi Mutwiri na wazee wa kwao wakafika kwetu na mzigo wa miraa uliofungwa kwa majani ya mgomba, ule wa kuposa. Kahawa ilikuwa imechanua, boma lote likinukia, nami nilikuwa kama niko ndotoni. Kabla baba hajaupokea, nikasimama na mkongojo wangu.

"Wazee wangu, mnisamehe. Siolewi. Na msidhani ni mguu. Mambo ya kitandani sijawahi kuyatamani hata siku moja."

Mutwiri akaangalia viatu vyake.

"Dada, nilikuuliza wewe kwa sababu ndiwe mkubwa. Nimekuja kumposa Kendi."

Baba akanigeukia polepole.

"Kumbe ni wewe hutaki? Na vile nimelaumu huo mguu miaka hii yote!"