Darubini ya Bunduki na Njia ya Maji Newala

Siku yangu ya kwanza kazini pale Masasi, Bwana Nyama, yaani mkuu wetu wa wanyamapori, alinikabidhi bunduki akaninyima risasi. "Kwanza uifahamu hiyo darubini juu yake," akasema. "Ikipiga kushoto usijipinde wewe kama mgonjwa wa kiuno. Irekebishe!" Nikacheka, akanikata jicho.

Vijana mnaoniuliza, tulifanya hivi. Unailaza bunduki juu ya gunia la mchanga, unapiga risasi tatu ukilenga palepale, maana moja hudanganya. Ndipo unageuza skrubu: ya juu hupandisha na kushusha, ya ubavuni hupeleka kushoto au kulia. Polepole, wala usishindane nayo.

Nilipohamishiwa Newala, nyati aliyenaswa mguu na mtego wa waya kisha akaukata alijificha kando ya njia ya kuteremkia majini. Alikwisha kuua mtu, na kina mama hawakuthubutu kushuka. Nikakuta ndoo kavu zimepangwa uani. Lakini gari letu lilikuwa limerukaruka njia nzima na darubini imegongwa. Nikasema lazima niijaribu kwanza, nyuma ya kilima.

"Hee! Watu wana kiu, wewe unataka kucheza?" mzee mmoja akafoka.

"Shikamoo, babu. Nikimjeruhi tu, ataua mwingine."

Mama Hadija, ambaye marehemu alikuwa mumewe, akaingia ndani akatoka na ungo wake. Akaupaka jivu katikati.

"Toboa, mwanangu. Nitaazima kwa jirani."

Risasi zote tatu zikaenda kulia. Nikageuza skrubu ya ubavuni, nikapiga tena, zikapita kwenye jivu. Kule njiani nilipiga mara moja. Nyati akapiga magoti, akalala. Nilimwonea huruma, maskini, mguu ulikuwa umeoza.

Kina mama wakashuka. Wa kwanza kupanda na ndoo kichwani alikuwa Mama Hadija. Akanichotea kata ya maji.

"Wape watoto kwanza, mama," nikamwambia.

"Kunywa wewe. Mimi wangu hakurudi. Wewe urudi kwa mkeo."

Nimestaafu sasa, hata uzi kwenye sindano siuoni. Wenzangu hunitania kwamba nilimaliza risasi za serikali kwa majaribio. Wacha waseme. Mke wangu yuko jikoni ananiita nikale, nami machozi yananitoka kama mtoto. Nilirudi, Mama Hadija. Kila safari nilirudi.