Waya Iliyopakwa Rangi

Sefu Kibwana alikuwa ananuka, na sisi tuliofanya kazi naye kwenye timbo la mawe nyuma ya Galu tulimwambia hivyo usoni. Alinuka sifa, yale mafuta ya ini la papa ambayo watu wa pwani hupaka vyombo vyao visiliwe na maji ya chumvi. Mkewe Mwanarusi aliyaleta kutoka kwao Bodo. Sefu aliyapasha moto pamoja na grisi, akaipaka waya ya winchi kwa kitambaa, taratibu, mpaka mafuta yakazama katikati ya nyuzi. Kutu ya bahari, alisema, huanzia ndani, huko macho yasikofika.

Hakuwa mtu mpole. Ukiikanyaga waya yake alikutukana kwanza, kisha akakuuliza habari za watoto. Ukimsifu, alitabasamu mchana kutwa. Alipenda kusifiwa jamani, na ninalisema hili kwa sababu ndilo lililomponza.

Mimi, Baya, nilikuwa chini shimoni. Nililifunga jiwe kwa mnyororo, nikatia kulabu, nikapunga mkono, naye Sefu huko juu akavuta. Mawe yale yalikuwa mazito ya kuua. Uhai wangu ulining'inia kwenye waya ile kila siku, wala sikuuwaza, kwa kuwa alikuwapo Sefu.

Ukaja uhuru. Msimamizi Mzungu akaenda zake, akawekwa Chome, mtu wetu kabisa, mzaliwa wa Matuga. Tulimshangilia mpaka sauti zikakauka. Nikikumbuka vigelegele vile hasira hunipanda upya.

Jamhuri ilipokaribia kutimiza mwaka, Chome aliambiwa kwamba wakubwa watapita kuyaona mawe ya kujengea hoteli za Diani. Akaja na makopo ya rangi: nyeusi, nyekundu, kijani, na nyeupe kidogo. Winchi nzima ipakwe rangi za bendera, na waya yake pia.

"Rangi haishiki juu ya mafuta, Bwana Chome," alisema Sefu.

"Basi ioshe kwa mafuta ya taa."

"Waya hii inataka sifa."

Chome alilijua neno lile tangu utotoni. Aligeuza maana makusudi, ili watu wacheke. "Sifa utapata, mzee wangu. Siku hiyo nitakusifu kwenye kipaza sauti mbele ya wakubwa wote."

Watu wakacheka. Sefu naye nikamwona anatabasamu. Akaiosha waya kwa mikono yake mwenyewe, akaiacha kavu, wakaja wenye brashi. Siku yenyewe jina lake lilitajwa kweli, akasimama na kanzu yake iliyopigwa pasi, tukampigia makofi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Masika yalipokuja, waya ilianza kudondosha maji mekundu. Sefu akaenda kwa Chome kumwomba ruhusa ya kuikwangua rangi aangalie ndani.

"Baada ya Madaraka," alisema Chome. "Wakubwa watarudi."

"Basi nipe waya mpya."

"Hii ina kasoro gani? Si inang'aa?"

Sefu alikwangua kipande kwa siri. Chome akakiona, akaamuru kipakwe tena, akamwambia kwamba akirudia atakwenda kulima mihogo. Huyo ndiye mtu wetu. Mzungu alitudharau kwa kutotujua. Huyu alitujua mpaka majina ya mama zetu, na bado tulikuwa si kitu mbele ya kopo la rangi.

Siku moja asubuhi nilimwona Sefu akishuka shimoni kwa ngazi.

"Shikamoo, mzee. Umefuata nini huku?"

"Marahaba. Panda juu, Baya, ukaishike winchi. Leo nitafunga mimi."

"Mimi siijui vizuri, mzee."

"Unaijua. Umenitazama miaka mingapi? Vuta polepole, usiishtue."

"Lakini kwa nini?"

"Waya ile niliiosha mimi," alisema, na hakunitazama. "Wewe una watoto wachanga. Panda, mwanangu."

Nilipanda. Mzee akishasema, utabishana naye nini? Tuliinua mawe asubuhi yote nami nikaanza kupata moyo. Jioni ilipokaribia, jiwe likiwa juu ya kichwa chake, mkono wa winchi ulilegea ghafla mikononi mwangu. Waya ilikuwa imekatika. Nje ilikuwa kijani safi. Ndani, pale palipokatikia, mlikuwa na unga wa kahawia kama ugoro. Chini sikuthubutu kutazama. Wenzangu ndio waliomtoa Sefu.

Polisi walipofika, Chome aliwapeleka pembeni lakini sauti yake tuliisikia. Alisema kwamba marehemu aliacha kazi yake bila ruhusa, akampa winchi mtu asiyefundishwa. Kuhusu waya hakusema kitu, na polisi waliitazama ile rangi wakaona ni nzuri. Kisha akaongeza, kwa sauti ya huruma, kwamba kama Mzee Sefu angekaa mahali pake angekuwa hai.

Hilo la mwisho ni kweli. Angekuwa hai, na Mwanarusi asingekaa eda. Ningezikwa mimi.