Sufuria ya Simu Kule Mutuini

Nilifanywa mlezi wa timu ya kandanda ya chuo chetu kwa sababu nilikosa kikao. Ndivyo vyeo hugawanywa pale kwetu: aliyehudhuria hujitetea, asiyekuwepo huteuliwa. Nilikuwa nimekwenda kung'olewa jino. Niliporudi nilikuta barua mezani ikinipongeza.

Chuo chenyewe kiko katikati ya jiji, ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro. Nyasi pekee tulizonazo ni zile za plastiki kwenye mapokezi. Kwa hiyo uwanja wetu wa nyumbani ni wa kukodi, kule Mutuini, na una mteremko kiasi kwamba kipindi kimoja tunapanda na kingine tunashuka. Upande mmoja kuna shamba la majani ya ng'ombe. Mpira ukiingia humo, mchezo husimama mpaka mwenye shamba aitwe.

Mwaka huo tulipata mdhamini, kampuni ya kamari. Ilitupa jezi za rangi ya machungwa na kukubali kumlipia karo mchezaji mmoja. Tulimchagua kipa, kijana wa Kangemi ambaye mama yake huuza sukuma wiki sokoni, na ambaye bila karo hiyo angekuwa ameyaacha masomo yake ya umeme. Sharti lilikuwa moja: tukishuka daraja, kampuni inaondoka na jezi zake na karo yake.

Nilipaswa kupinga. Muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimeandika makala ndefu ya kulaani kamari, na mchungaji wetu wa mtaa wa Jamhuri akaisoma kanisani, aya zote. Badala ya kupinga nikapiga picha na mdhamini, nikitabasamu kwa upande wenye meno.

Kisha kampuni ile ile ikaanza kuweka mechi za vyuo kwenye orodha yake ya kubashiri. Nikajisajili kwa ajili ya utafiti. Mwandishi hawezi kulaani kitu asichokijua, niliiambia nafsi yangu, na nafsi yangu, ambayo imesoma chuo kikuu, ikakubali mara moja.

Wiki ya mechi ya mwisho nikaliona jina la chuo chetu kwenye orodha. Tulihitaji sare ili tusishuke, na tulikuwa tunacheza na vinara wa ligi. Nilijua mambo ambayo kampuni haikuyajua: mshambuliaji wetu alikuwa ametoka kuugua malaria, na beki wa kushoto alivaa viatu vya kuazima vilivyompwaya. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimebeba elimu isiyotakiwa na mtu. Hatimaye nilikuwa na maarifa yenye soko. Nikatandika mkeka, kama wanavyosema wacheza kamari. Nikabashiri kwamba timu yangu itafungwa.

Chama cha michezo ya vyuo kilikuwa kimesikia fununu kwamba wachezaji hubashiri mechi zao wenyewe, kikatutaka walezi tuchukue hatua. Hatua yangu ilikuwa sufuria. Kabla ya mechi kila mtu alitumbukiza simu yake ndani ya sufuria tupu ya mama anayeuza githeri kando ya uwanja, naye akaifunika na kuilinda mpaka kipenga cha mwisho.

"Hata yako, Profesa," kocha akasema. Pale kwetu kila anayefundisha ni profesa, hata mimi niliyeanza shahada ya pili mara mbili bila kuimaliza.

"Hasa yangu," nikajibu, na nikajisikia mwadilifu kweli.

Ikaja zamu ya maombi, ambayo ni kazi ya mlezi. Tukashikana mikono.

"Bwana, wewe ni hakimu wa haki," nikaanza. "Anayestahili leo, na ashinde."

Kipa akafungua jicho moja.

"Mwalimu, hiyo ni maombi ama ni uchaguzi? Si useme tu ni sisi."

"Umeomba kama refa," kocha akaongeza.

"Mungu hana timu," nikasema.

"Leo anayo. Mwambie ni ile ya machungwa. Na umwambie mathe ashaninunulia ovaroli ya karakana ya muhula ujao."

Nikaomba upya, lakini nilipofika kwenye neno "tushinde" nikaishia silabi ya kwanza, ikabidi kocha alimalizie.

Mpaka dakika za mwisho hapakuwa na bao. Ndipo beki wa kushoto akaudaka mpira kwa mikono miwili mbele ya goli letu, kama mtu aliyerushiwa mtoto mchanga.

"Ulikuwa unanikujia usoni!" alilia, lakini refa alikuwa ameshaonyesha penalti.

Mkeka wangu ulikuwa umebakiza teke moja tu. Nikamtazama kipa akitemea glovu zake mate, na ghafla nikaiona ile ovaroli, ikiwa bado na mikunjo ya dukani, imening'inia msumarini kule Kangemi. Miguu ikanipeleka yenyewe hadi ukingoni mwa uwanja.

"Kushoto!" nikapiga kelele. "Ruka kushoto!"

Akaruka kulia, akaudaka.

Kipenga kilipolia nilimkumbatia mtu ambaye baadaye niligundua ni yule mwenye shamba. Kisha sufuria ikalia. Mlio mmoja, halafu wa pili, halafu ikawa kama vifaranga.

"Jamani," mama wa githeri akaita, "hii sufuria inachemka na sijawasha moto!"

Kampuni humtumia kila aliyebashiri matokeo ya mkeka wake mara tu mechi inapoisha. Kipa alifika kwanza, akafunua, akaanza kugawa simu huku akisoma vioo vyake.

"Kocha. 'Pole, mkeka wako umechanika.'"

Kocha akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndara.

"Beki. Pole."

"Hiyo ni ya mechi za Ulaya, buda! Naapa!"

"Wa akiba. Pole. Na wewe pia, pole."

Akashika yangu. Aliisoma kwa muda mrefu kuliko urefu wa ujumbe wenyewe. Hakusema pole. Akanikabidhi kioo kikiangalia chini. Sufuriani ikabaki simu moja tu, ya tochi, iliyofungwa kwa mpira wa kufungia pesa, kimya. Ilikuwa yake.

"Ilikuwa utafiti," nikamwambia.

"Wa makala?"

"Wa makala."

"Basi ukiandika, Mwalimu, weka kwamba niliruka kulia."

Mlezi huomba mwanzo na mwisho, nami nikanyoosha mikono. Kipa akatikisa kichwa.

"Leo nitafunga mimi."

Akamshukuru Mungu kwa sare, kwa ovaroli na kwa sufuria. Kisha, kwa sauti ya upole, akamwomba awafariji wote waliopoteza alasiri hiyo, hasa wazee. Tukaitikia Amina. Nikasikia hatua zake zikienda kuuchukua mpira. Sisi wengine tuliendelea kufumba macho kidogo.