Profesa wa farasi na viboko vitatu vya Jumapili

Saa moja asubuhi, mwanamume wa miaka arobaini na mmoja amesimama katikati ya uwanja wa mchanga, kofia mkononi, anamwomba radhi farasi anayemzunguka. Farasi hamwelewi.

"Pole, mwanangu. Pole," anasema kwa sauti ya chini.

Kila akisema "pole", farasi anapunguza mwendo, kisha anasimama kabisa, masikio yamelala nyuma. Hajasamehe. Ametii tu. Wiki sita nzima alifundishwa, na mwanamume huyuhuyu, kwamba "pole" maana yake ni punguza mwendo.

Kichekesho kizima kiko hapo, na mwenyewe hacheki.

Wenzake bandani wanamwita Profesa. Cheo alijipa mwenyewe. "Nimefundisha farasi ishirini na watatu kubeba mtu, kwa miaka kumi na saba. Hakuna aliyefeli," alizoea kuwatangazia hata wauza majani ambao hawakuuliza. Siku hizi akiitwa Profesa anaitika akitazama viatu vyake.

Huyu ni wa ishirini na nne: jike wa miaka mitatu, rangi ya kahawia, ambaye alipoletwa hakuwa amebeba kitu kizito kuliko inzi. Farasi mchanga hufundishwa hatua kwa hatua. Anazoeshwa kuguswa, halafu kamba ndefu, halafu hatamu, halafu tandiko tupu. Mtu huja mwisho, na hata huyo kwanza hulala tu kifudifudi juu ya tandiko kama gunia la unga, ili mnyama auzoee uzito.

"Kwenye daftari niliandika, siku ya ishirini ya tandiko ndiyo nitampanda," anaeleza. "Nikampanda siku ya tisa."

Kwa nini? Anajikuna shingo.

"Walikuja wageni. Wakatoa simu wapige picha."

Jumapili hiyo, mwezi mmoja uliopita, Profesa alidumu juu ya tandiko kwa muda wa kupiga chafya. Alitua ndani ya pipa la maji, makalio yakitangulia. Wageni wakaangua kicheko. Akatoka akichuruzika, akachukua mjeledi, akamcharaza mwanafunzi wake viboko vitatu shingoni.

Kicheko kikakatika.

"Ule ukimya nausikia mpaka leo," anasema. "Heri wangeendelea kucheka."

Lakini kilichomnyima usingizi alikifanya jioni yake, alipompigia simu mwenye farasi, mama mwenye duka la vitambaa aliyemnunulia binti yake mnyama huyo. "Pole sana mama, farasi wako mkaidi. Ni damu ya ukoo, hata mama yake alikuwa hivyohivyo."

Mama yake farasi huyo, Profesa hajawahi kumwona hata kwenye picha.

Mwenye duka akaamini. Jana akatuma ujumbe: leo asubuhi anakuja na mnunuzi, bwana mwenye mikokoteni ya kusomba mchanga. Mkaidi auzwe, akavute.

Dada yake Profesa, anayelisha farasi katika banda hilohilo, ndiye aliyembana jana hiyohiyo. Anasimulia huku akitandaza majani.

"Nikamwambia, kaka, acha kumpa farasi pole. Pole anapewa mtu aliyeteleza mwenyewe. Huyu ulimpiga wewe! Na yule mama hataki pole yako, anataka ukweli. Akaniambia nina mdomo. Nikamwambia ninao, wako umeuacha wapi?"

Saa mbili na nusu gari linasimama getini. Mama anashuka. Bwana wa mikokoteni anamfuata, na tayari anaikagua miguu ya farasi kama mtu anayechagua meza.

"Huyu ndiye mkaidi?" anauliza.

"Hapana." Profesa anasogea mbele ya farasi. "Mkaidi ni mimi. Nisamehe, mama. Nilimpanda kabla hajawa tayari, akaniangusha, nikampiga. Halafu nikakudanganya. Mama yake hata simjui."

"Mwezi mzima umenyamaza?"

"Mwezi mzima."

"Na binti yangu kila siku analia, anadhani farasi wake ana kichaa!"

Profesa anaizungusha kofia mkononi kama usukani.

Mama anamgeukia mnunuzi, anamwomba radhi kwa kumsumbua. Kisha anarudi kwa Profesa. "Haendi popote. Utaanza upya, tangu kamba. Na binti yangu atakaa hapa kila siku akitoka shule, akutazame. Sababu utamwambia wewe mwenyewe."

"Nimwambie yote, mama?"

"Kwani ulimpiga nusu?"

Binti ana miaka kumi na minne na hutoka shule saa tisa. Saa saba tu, Profesa ameshafagia kando ya uwanja mara mbili, ameleta kiti cha plastiki, amekifuta vumbi na kukihamishia kivulini.

Amepanga miezi minne, bila kuruka hatua hata moja, na safari hii wa kwanza kumpanda farasi awe msichana mwenyewe. Hilo analisema haraka, kama mtu anayepita. Kinachomkaa rohoni ni cha leo.

"Nikimaliza kumwambia, anaweza kuondoka," anasema, akikinyoosha kiti ambacho hakijapinda. "Natumaini atakaa."