Vitoto vya Mama Kisu

Kwenye ziwa lile hakuna aliyetia wavu majini kabla Mama Kisu hajasema. Jina alibandikwa na shemeji zake, kwa jinsi anavyopasua samaki huku anapiga soga, hata mkono wake hautazami. Kazi ya kutoa ruhusa aliachiwa na mama mkwe wake. Kila mwaka ziwa hufungwa samaki wazae, kisha wavuvi humletea wachache wa kupima. Akikuta majike wakubwa matumbo matupu, husema, "Haya, nendeni." Wale wadogo kama kidole wanaonaswa pamoja nao hakuwahi kuwapasua. Vitoto, uvipasue ili iweje? Aliwarushia bata.

Miaka ya karibuni vitoto vilikuwa vinaadimika. Mama Kisu aliwalaumu ndege, na matusi aliyowaporomoshea ndege wale hayaandikiki.

Asubuhi hiyo majike wakubwa walikuwa wameshazaa. Akatoa ruhusa, mitumbwi ikaondoka kwa vifijo, mumewe akiwa mbele. Yeye na wifi yake wakabaki kusafisha meza. Akaokota kitoto awarushie bata, kikataka kumponyoka, akakibana kwa dole gumba. Yakachuruzika mayai.

Alidhani macho yanamdanganya. Akakipasua. Mayai machache, manono, makubwa kuliko ya wale wakubwa, yameiva kabisa. Akapasua kingine: vilevile. Cha tatu kilikuwa dume, nacho kiko tayari.

"Wifi," alisema, "hawa si watoto."

"Sasa ni nini, na udogo wote huo?"

"Ni watu wazima! Ndio wameishia hapo. Wana msimu wao hawa, wenzao wakimaliza kuzaa ndipo wao wanaanza. Na mimi ndipo nafungua ziwa! Kila mwaka, wifi!"

Wifi akakaa chini puu, mkono mdomoni.

Mama Kisu alikimbia mpaka maji yakamfika kiunoni. Akavua aproni, akaipunga juu ya kichwa. "Rudini! Wana mayai! Jamani, rudini!"

Mumewe alimwona kwa mbali, akashangaa. Tangu amwoe, mkewe hajawahi hata siku moja kuja kuwaaga ufukweni. Akafurahi kama bwana harusi, akawaonyesha wenzake, nao wakainua makasia juu kumpungia. Kisha wakatupa nyavu zote kwa mpigo.