Pale Pakubwa Simwoni Tena

Miaka yote ya ndoa yao, Cheche hakuwa mtu wa matembezi. Jina hilo alipewa na wenzake wa karakana alikochomelea mageti na madirisha ya chuma, na lilimfaa huko huko kazini, maana nyumbani alikuwa mtu wa kuoga, kula na kulala. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Watu walimwita Mama Pindo kwa sababu nguo haikutoka kibandani kwake mpaka pindo limenyooka, hata mteja alie. Alishamzoea mumewe. Akitaka kutoka alitoka na shoga yake, msusi wa kibanda cha jirani, na Cheche hakuuliza walikokwenda.

Basi siku Cheche alipoingia na kitambaa cha rangi ya chungwa, chungwa la kuumiza macho, akasema, "Jishonee gauni, Jumapili twende kwenye mabembea," Mama Pindo aliacha kukanyaga cherehani.

"Twende nani na nani?"

"Mimi na wewe, mke wangu. Kwani tuna mgeni?"

Gauni alilishona, kitambaa kina kosa gani? Lakini roho haikumtulia. Mwanamume aliyekuwa mkono wa birika kwa starehe miaka yote hageuki hivi hivi tu, kuna kitu kinamgeuza, na kitu chenyewe mara nyingi huvaa sketi.

Walianza na bustani kubwa ya ng'ambo ya daraja, yenye gurudumu la vikapu vya kukalia watu, refu kupita ghorofa za mjini. Cheche alikata tiketi moja.

"Na yako?"

"Panda wewe tu. Mimi huko juu kizunguzungu."

Kizunguzungu! Mtu anayeshinda juu ya mapaa ya watu na mashine ya kuchomelea mkononi! Mama Pindo aliipokea tiketi, akapanda. Alipofika juu kabisa alipunga mkono. Chini, Cheche alikuwa amesimama na mwanamke mkata tiketi, vichwa vimekaribiana, wananong'ona. Kisha akainua mkono na kupunga, tabasamu sikio hadi sikio. Ila hakumpungia yeye. Alikipungia kikapu cha nyuma, alimokaa mwanamke mwenye miwani, peke yake.

"Ulikuwa unampungia nani?" alimuuliza aliposhuka.

"Wewe. Nilikuona vizuri."

Alimtazama usoni. Uongo wa Cheche ulikuwa haujui kujificha, na pale ulikuwa umekaa waziwazi puani.

Jumapili zikafuata, na kila moja ilileta lake la kutia shaka. Lazima avae lile la chungwa. Akitoa gauni jingine, Cheche anabembeleza: "Lile la chungwa, tafadhali." Tangu lini mtu huyu akajua mkewe kavaa nini? Halafu ghafla bustani kubwa ikasahaulika, wakahamia ile ya kati, nyuma ya maghala ya saruji. Na nyumbani kukazuka jipya. Tangu enzi za uchumba, kila jioni Cheche ndiye aliyemtungia uzi kwenye sindano. Ilikuwa mapenzi yao ya kimyakimya. Sasa akipewa sindano anasema, "Mikono ina grisi," na huku ametoka kuoga.

Mama Pindo alimpelekea shoga yake habari zote. Msusi alisikiliza kitana kikiwa mdomoni, akakitoa.

"Shoga, unapandishwa juu ili mambo yaende chini. Unapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na wewe unasema ahsante."

Maneno yalimwingia. Wiki hiyo hiyo, akipiga pasi shati la mteja, alimsikia Cheche uani akiongea na kaka yake kwenye simu.

"Jumapili nitajaribu pale padogo," Cheche alikuwa anasema. "Pale pakubwa simwoni tena, kaka. Hata pa kati wiki iliyopita nimemkosa." Akasikiliza upande wa pili. "Hapana, hajui. Na usije ukamwambia shemeji yako."

Harufu ya kola inayoungua ndiyo iliyomzindua. Simwoni tena! Kumbe huyo mwanamke anahamahama, na yeye, mke wa ndoa, anavutwa nyuma yake bustani kwa bustani, amevalishwa chungwa ili aonekane kwa mbali na akwepwe! Alilia kwa hasira, akaupangusa uso kwa lile lile shati lililoungua, kisha akapiga moyo konde. Kitambaa kilikuwa kimebaki. Alimpima msusi, akamshonea gauni la pili.

"Utapanda badala yangu," alimwambia. "Mimi nitabaki chini, nyuma yake. Nataka nimsikie kwa masikio yangu."

"Mimi naogopa hata kusimama kwenye stuli!"

"Utafumba macho."

Bustani ndogo ilikuwa na farasi wa kuzunguka waliobanduka rangi, na gurudumu fupi lisilopita nguzo ya umeme. Cheche alikata tiketi yake moja, akampa mkewe. Mama Pindo alijichanganya kwenye foleni, akachepuka nyuma ya vyoo, akavaa koti refu la kijivu juu ya gauni lake, akampa tiketi msusi aliyemsubiri hapo na gauni la pili mwilini, na kumsukuma mbele. Msusi alipanda akiomba dua. Ni mrefu, mwembamba, na Mama Pindo ni mfupi wa kujaza kiti. Kipofu tu ndiye angewachanganya, alijisemea, na mpango wenyewe ukaanza kumtia wasiwasi. Lakini alikuwa ameshafika mgongoni mwa Cheche.

Mkata tiketi wa hapo alikuwa mama mtu mzima mwenye mvi. Huyo hakuwa mwanamke wa kumwonea wivu.

"Bado, baba," yule mama alikuwa anasema. "Anapanda… anakuja… Haya, yuko juu sasa. Punga."

Cheche akapunga. Kisha akashika kichwa.

"Namwona! Mama, leo namwona! Si lile pale gauni la chungwa?"

"Lile pale."

"Anacheka. Mke wangu akipanda huwa anacheka." Sauti ilimshuka. "Uso siuoni, ni siku nyingi siuoni. Lakini namjua."

Huko juu msusi alikuwa amekumbatia chuma, macho ameyafumba, analia kwa sauti akimwita marehemu mama yake.

"Ungemwambia tu, baba," mkata tiketi alisema.

"Nitamwambia. Daktari kasema nyuma ya jicho kumeungua, na kunaendelea kufa. Miaka yote nikitaka kushikiza chuma nilikuwa nasema nagusa tu, nagusa tu, sivai kinyago cha kukinga macho na ule mwanga. Nikimwambia leo, kuanzia kesho atanishika mkono aniongoze. Acha kwanza nimwone nikiwa nimesimama mwenyewe. Nakuja kupima macho. Pale pakubwa nimeshampoteza, pa kati nimempoteza. Hapa bado."

Cheche aligeuka, na macho yake, yale yale ya kila siku, yakampitia Mama Pindo usoni kwa umbali wa hatua moja.

"Samahani, dada," alisema kwa adabu. "Nimekuzibia njia?"

Alitikisa kichwa. Kisha akakumbuka kwamba kutikisa kichwa hakumfikii, na akisema neno angemtambua kwa sauti. Cheche akasogea kando kumpisha, naye akalazimika kupita.

Nyuma ya vyoo msusi alifika, gauni limemgeuka, mbele kuwa nyuma.

"Niambie, nisiwe nimekufa bure. Umemfumania?"

"Nimemfumania."

"Ni nani?"

"Ni mimi," alisema Mama Pindo, akavua koti.

Alimkasirikia Cheche kwa kumficha, akajikasirikia mwenyewe zaidi, na chini ya hasira zote mbili kulikuwa na woga mtupu. Aliosha uso bombani. Cheche alikuwa anamsubiri pale pale, na alipoiona rangi inakuja alinyooka.

"Leo nilikuona vizuri sana. Ulikuwa unacheka."

"Nilikuwa nacheka, kweli."

Walielekea getini. Mkono wake ulitaka kuukamata wa mumewe, akauzuia. Walipofika kwenye ngazi za kutokea alilalamika kwa sauti, kama mtu anayewasema wenye bustani, "Ngazi zenyewe mbili tu, na zimelika hivi! Watu wataanguka." Cheche akashuka ngazi mbili bila kujikwaa.

"Jumapili ijayo tuje tena?" aliuliza.

"Tuje. Ila tiketi mbili. Tutapanda wote, kikapu kimoja, magoti kwa magoti. Karibu namna hiyo utaniona uso."

Cheche alisimama ghafla katikati ya njia. Mama Pindo hakugeuka. Alitangulia na gauni lake la chungwa, akatembea polepole ili asimpotee.